Mwanafunzi aendaye China asiende mikono mitupu

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Agosti na Septemba, uwanja wetu wa ndege hushuhudia jambo lile lile. Kijana amevaa koti jipya lisilomkaa sawa, mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga, na jamaa wamemzunguka kwa maagizo. Huyu ataka simu, yule ataka viatu, na wa tatu aulizia bei ya pikipiki. Kijana huyo anakwenda China kusoma. Katika maagizo yote hayo ni nadra kumsikia mtu akimweleza ataishije wiki yake ya kwanza. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza hapa, kwani ni jambo linalowahusu wazazi na viongozi wa Serikali kwa pamoja.

Uhusiano wetu na nchi hiyo si wa jana. Mwaka 1945, huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, ilifukuliwa hazina ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za zama za Song. Mwaka 1964 walifika madaktari wa kwanza wa Kichina, na mpaka hivi leo wenzao hupokezana katika hospitali zetu za Unguja na Pemba. Madaktari hao hutoka katika jimbo la Jiangsu, ambalo mji wake mkuu ni Nanjing. Ni katika mji huo huo ambako mpwa wangu alipelekwa kusoma uhandisi, na mengi nitakayoyaeleza nimeyapata kwake.

Nanjing si mji mdogo. Sensa ya mwaka 2020 iliukuta na watu zaidi ya milioni 9, ilhali sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar yote. Basi kijana aliyezoea kusalimiana na kila ampitaye alijikuta katika mji mmoja wenye watu karibu mara tano ya wa visiwa vyake, wala hapana hata mmoja aliyemjua. Sheria ya nchi inamtaka mgeni asiyelala hotelini kuandikishwa polisi katika muda wa saa 24, na mwanafunzi wa masomo marefu aombe kibali cha ukaazi katika siku 30. Karatasi zote ziliandikwa kwa herufi asizozijua.

Alikwenda kununua ndizi, akatoa noti. Muuzaji, mama wa makamo, akamwonyesha kipande cha karatasi chenye miraba midogo myeusi, maana wenyeji siku hizi hulipana kwa simu. Kijana hakuwa bado na namba ya simu ya huko wala akaunti ya benki, na mama yule hakuwa na chenji. Akarudi dakhalia bila ndizi. Usiku akataka kumwarifu mama yake kwa WhatsApp, simu ikakataa, kwa kuwa mtandao huo umefungwa China. Siku nne zilipita nyumbani hapana habari. Dada yangu aliacha kula, akawa anaamka usiku kusali. Siku ya tano ndipo mwanafunzi mmoja Mtanzania alipomwelekeza kijana namna ya kupiga simu, na sisi tukaambiwa tuweke WeChat. Dakika kumi za maelezo kabla ya safari zingalitosha kumwepushia dada yangu siku nne za hofu.

Kisha ikaja lugha. Kichina hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti. Neno lile lile "ma", likitamkwa kwa sauti nne mbalimbali, laweza kuwa mama, katani, farasi au kukaripia. Hata kununua na kuuza ni neno moja, "mai", lenye sauti mbili tofauti. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetakiwa kusoma kwa Kichina hupewa mwaka mzima wa matayarisho, na mwisho wa mwaka hupimwa. Akishindwa, haingii katika kitivo. Kwa hiyo mwaka huo wa kwanza, ambao sisi nyumbani huuona kama mwaka wa kuzoea hali ya hewa tu, kwa hakika ndio unaoamua hatima ya masomo yote.

Katika shida hizo palitokea jambo moja lililomtia moyo. Ijumaa ya pili, akitembea na njaa katika mtaa uliojaa mabango asiyoyaelewa, aliona juu ya duka la tambi neno moja aliloweza kulisoma: "halali", kwa herufi za Kiarabu. Mtoto aliyepigwa bakora chuoni kwa ajili ya alifu na bee alisimama barabarani akalisoma neno lile mara tatu. Ndani aliwakuta Waislamu wa kabila la Hui, waliotoka magharibi ya nchi, akawatolea salamu, nao wakaitika. Lugha iliishia hapo, lakini alikula akashiba.

Watu wale wakamwelekeza katika msikiti wa Jingjue, ulioasisiwa mwaka 1388. Msikiti huo baadaye ulijengwa upya kwa juhudi za jemadari Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, ambaye kati ya mwaka 1405 na 1433 aliongoza misafara saba ya baharini. Majahazi yake makubwa yaliundwa Nanjing, na baadhi yake yalifika pwani yetu mpaka Malindi. Mpwa wangu alisoma habari hizo skuli kama jibu la mtihani. Huko aliswali katika safu moja na watu ambao wazee wao huenda walimsindikiza baharia huyo bandarini.

Lakini furaha ya Ijumaa haiondoi baridi ya Januari. China iliweka utaratibu tangu miaka ya 1950 kwamba miji ya kaskazini ya Mto Huai ipashwe joto kwa mabomba ya pamoja. Nanjing iko kusini ya mto huo, basi haikupewa joto hilo, na baridi huingia mpaka kitandani. Tena China nzima hutumia saa moja, iliyo mbele ya yetu kwa saa tano. Sisi tulikuwa tukimpigia simu baada ya Isha, saa mbili usiku, kumbe kwake ni saa saba ya usiku, na darasa ni asubuhi. Kila simu ilikuwa na ombi. Ufadhili wa serikali ya China kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza umekuwa yuan 2,500 kwa mwezi, na baadhi ya miezi kijana alituma karibu nusu ya fedha hizo nyumbani. Mwezi wa Februari aliniandikia maneno machache: "Mjomba, shikamoo. Naomba unisaidie nirudi."

Nakiri kwamba mmoja wa waliokuwa wakimpigia usiku nilikuwa mimi.

Wapo watakaosema kwamba kijana wa kiume hana budi kuvumilia. Ni kweli, lakini historia inatufundisha kwamba uvumilivu peke yake hautoshi. Mwezi Machi 1962 mwanafunzi mmoja wa Zanzibar alipigwa katika hoteli moja mjini Beijing, na wengi wa wanafunzi wa Kiafrika waliokuwapo wakati huo hatimaye waliihama nchi hiyo. Emmanuel Hevi wa Ghana, aliyekuwa miongoni mwao, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1963. Desemba 1988, huko huko Nanjing, ubishi langoni mwa Chuo Kikuu cha Hohai juu ya wageni wa wanafunzi wa Kiafrika uligeuka mapigano na maandamano, hata wanafunzi wakakimbilia stesheni ya reli. Hatuyataji haya ili kuutia doa urafiki wetu. Urafiki wa kweli hauogopi kutajiwa makosa yake, na kijana aliyekwisha kuambiwa kwamba ugenini kuna kutazamwa na pengine kudharauliwa, hatashangaa likimtokea. Atajua pia kwamba kuna ubalozi wetu na kuna wenzake wa kuwaendea.

Tujifunze kwa wenzetu. Madaktari wa Jiangsu hawaletwi huku kama mzigo. Hufundishwa lugha na desturi kabla ya kupanda ndege. Yafaa nasi, kupitia Wizara inayohusika, tuwakusanye vijana kabla ya safari, wafundishwe misingi ya Kichina, waelezwe habari za benki, simu na vibali, na waketishwe na wazee waliosoma China katika miaka iliyopita. Wazee hao wamo humu humu mijini na mashamba, nao hawatadai posho kubwa. Orodha ya vijana wote ipelekwe ubalozini mapema, isingojewe mpaka mmoja augue.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Tupige simu mchana, na tupunguze maagizo. Ufadhili ule ni wa chakula na vitabu vya mwanafunzi, si mfuko wa ukoo.

Mpwa wangu hakurudi. Tulikaa kikao cha familia, tukakubaliana kwamba hapana atakayemwomba chochote mpaka amalize mwaka wa lugha, naye akafaulu mtihani wake mwezi wa Juni. Septemba iliyofuata alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege wa Nanjing kuwapokea vijana watatu wapya kutoka visiwani. Alichukua thamosi ya maji ya moto, na karatasi tatu alizoandika kwa Kichina jina la dakhalia yao na namba yake ya simu. Serikali haiwezi kushindwa kufanya alilolifanya mwanafunzi mmoja kwa posho yake.