Je, Wajua? Kilomita 780 kwa Miguu Hadi Santiago

Haya, sogea karibu! Leo tunakwenda Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, penye kaburi ambalo Wakristo wameliheshimu kwa zaidi ya miaka 1,100 kuwa la Mtume Yakobo mwana wa Zebedayo. Hatuna wakala wala basi la kikundi. Ni wewe, begi lako na miguu yako.

Je, wajua kuwa njia mashuhuri kuliko zote za kuhiji huko, iitwayo Njia ya Wafaransa, ina takriban kilomita 780? Inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, na wengi huimaliza kwa siku 30 hadi 35. Piga hesabu ya hatua: zinakaribia milioni moja!

Je, wajua kuwa njia yenyewe haina kiingilio? Hakuna geti, hakuna foleni ya tiketi, hakuna siku maalumu ya kuanza. Ukiamka Jumanne ukajisikia kuondoka, ondoka.

Kazi ipo kwenye karatasi za safari. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi yanaruhusiwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na viza ya matembezi inaweza kukupa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Unaona? Siku 35 za njiani zinaenea kabisa, na za kupumzisha magoti zinabaki.

Je, wajua kuwa siku ya kwanza ndiyo inayotoa jasho kuliko zote? Unaanza chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, unapanda hadi zaidi ya mita 1,400, kisha unateremka kulala Roncesvalles. Yote hayo ndani ya kilomita 25! Kwa hiyo usifanyie mazoezi tambarare tu. Tafuta Ngong, tafuta milima ya Lushoto, na upande ukiwa na begi mgongoni.

Unapanga kwenda Januari? Subiri kwanza. Njia hiyo ya mlimani hufungwa tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi kwa sababu ya theluji na ukungu, na mahujaji huelekezwa kupita bondeni, kijiji cha Valcarlos.

Sasa begi. Wazoefu wanasema lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Una kilo 60? Basi begi zima ni kilo 6, sawa na pakiti tatu za unga wa ugali za kilo mbili mbili! Nguo pea mbili zinatosha: moja unavaa, nyingine imeanikwa.

Je, wajua kuwa miguu huvimba kwa kutembea kutwa? Ndiyo maana viatu vya safari hii hununuliwa vikubwa kidogo, tena miezi kadhaa kabla, ili vizoee mguu ungali nyumbani. Asubuhi paka mafuta mazito vidoleni, vaa soksi kavu, na ukihisi pahali panawaka simama papo hapo. Lengelenge moja dogo kisiginoni limeshakatisha safari za watu wenye vifua vipana!

Na hii je? Jua la njia hii hukuchoma upande wa kushoto. Karibu siku zote unaelekea magharibi, na kule Hispania jua la mchana hukaa kusini. Sikio la kushoto, shavu la kushoto, shingo ya kushoto: paka mafuta ya kukinga jua huko kwanza.

Utalala wapi? Njia nzima ina nyumba za mahujaji, vyumba vya pamoja vyenye vitanda vya ghorofa. Katika nyumba za serikali ya Galicia, jimbo lenye Santiago, kitanda ni yuro 10 tu kwa usiku! Beba kandambili za bafuni na vya kuziba masikio, maana mkoromaji hakosekani.

Nyumba nyingine hazina bei kabisa. Kijijini Grañón mahujaji hulala kwenye magodoro sakafuni, ndani ya jengo la kanisa, na sanduku la sadaka liko wazi. Mwenye nacho anaweka, aliyepungukiwa anachukua. Umewahi kusikia hoteli ya namna hiyo?

Usisahau pasipoti ya mahujaji, kadi inayokunjwa ambayo hugongwa mihuri kila unapopita: kanisani, mgahawani, penye malazi. Ukithibitisha angalau kilomita 100 kwa miguu au 200 kwa baiskeli, ukaeleza kuwa ulikwenda kwa ajili ya imani au kwa kutafuta ya rohoni, unapewa cheti kilichoandikwa Kilatini. Hata jina lako huandikwa Kilatini!

Tena wajua kuwa unaweza kutembea kwa niaba ya marehemu, au ya mgonjwa asiyeweza kusafiri? Ukiomba, jina lake huandikwa kwenye cheti hicho. Mama aliyelala kitandani Moshi anaweza kufika Santiago kwa miguu ya mwanawe.

Kupotea je? Ondoa shaka, fuata mishale ya manjano. Mwaka 1984 Padre Elías Valiña wa O Cebreiro alianza kuichora mwenyewe kwa rangi ya manjano, juu ya miti, mawe na kuta. Leo inamwongoza mtu asiyejua neno hata moja la Kihispania.

Kitabu cha mwongozo wa njia hii kipo tangu karne ya 12! Kinaonya kuhusu wavushaji wanaojaza mtumbwi kupita kiasi ili upinduke, kisha wavue mali za waliozama. Kinasimulia pia mto ambao kandokando yake watu walikaa wakinoa visu, wakiapa kuwa maji ni salama. Farasi wawili wakanywa, wakafa, wakachunwa ngozi hapo hapo.

Wewe hofu yako iwe kiu. Baada ya Carrión de los Condes kuna kilomita 17 bila kijiji hata kimoja, juu ya barabara ya zamani ya Warumi. Jaza chupa kabla hujatoka!

Kule Irache, tangu 1991, kuna bomba ukutani linalotoa divai nyekundu bure. Na Santo Domingo de la Calzada wanafuga jogoo na kuku hai ndani ya kanisa kuu! Uliza kisa chake ukifika.

Weka pia kajiwe ka kwenu mfukoni. Kwenye Cruz de Ferro, karibu mita 1,500 juu, mahujaji huacha jiwe chini ya msalaba wa chuma, na mawe hayo yamekuwa kilima.

Ukifika, omba bahati ya kukiona chetezo cha kanisa kuu. Kina kilo 53, huvutwa na wanaume 8, na huruka juu ya vichwa vya watu kwa kasi inayofika kilomita 68 kwa saa, kikimwaga moshi wa ubani!

Katikati ya miaka ya 1980 waliopata cheti hawakufika 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 walizidi 499,000!

Unadhani haya ni ya Wazungu peke yao? Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, ndugu zetu hutembea mamia ya kilomita kwenda Namugongo, Uganda, wengine wakitokea Kenya na Tanzania. Miguu ya Afrika Mashariki inaijua kazi hii.

Basi shika tarehe. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, 25 Julai, ikiangukia Jumapili, Santiago huadhimisha Mwaka Mtakatifu, na unaofuata ni 2027. Ukipitwa na huo, utangoja hadi 2032. Viatu nunua sasa, na Jumamosi hii tembea kilomita 10 za kwanza.