Tadigradi: Mnyama Asiyekufa kwa Ukame, Je, Analika?

Ifikapo Septemba, milima ya mawe inayouzunguka mji wa Masasi huwa imekauka kabisa. Uoto laini uliotanda juu ya miamba wakati wa masika umegeuka kahawia na hubanduka kwa kidole. Lakini mvua ikirudi, ukijani nao hurudi upesi. Katika uoto wa namna hii, duniani kote, huishi tadigradi, mnyama wa miguu minane ambaye kwa kawaida hafikii urefu wa milimita moja.

Sifa zake ni za kweli. Ukame ukija, hukunja miguu, hupoteza karibu maji yote ya mwili na kubaki punje kavu. Akipata maji, huamka. Mwaka 2007 wanasayansi wa Ulaya waliwapeleka angani katika chombo cha Foton-M3, wakawaacha wazi mahali pasipo na hewa. Baadhi walirudi hai na kutaga mayai. Ndiyo maana vijana wengi huniuliza: kiumbe mgumu hivi, je, hawezi kuwa chakula cha miaka ya njaa?

Kwanza niondoe hofu ya wanaodhani ataendelea kutambaa tumboni. Ugumu wake ni wa pale anapokuwa mkavu. Akishalowa na kuanza kutembea, joto linamwua kama linavyowaua wanyama wengine, na sufuria ya maji yanayochemka inatosha kabisa. Wala hakuna ugonjwa unaojulikana kwamba humwambukiza binadamu.

Shida ni kumpata. Mwenye urefu wa nusu milimita ana uzito wa takriban sehemu moja ya laki ya gramu. Kitoweo cha gramu 100 kingehitaji tadigradi milioni 10, waliotawanyika ndani ya mchanga na mizizi, kila mmoja akiishi kivyake. Ungebandua kilima kizima, na uoto huo hukua polepole mno. Mimi siungi mkono hata jaribio lake.

Udogo peke yake haujawahi kuwazuia watu kula. Hapa Masasi na Newala tunajua kungoja kumbikumbi baada ya mvua za kwanza. Hatuwatafuti mmoja mmoja ardhini, wao hutoka kwa pamoja. Mfano ulio wazi zaidi uko Ziwa Nyasa. Huko kuna inzi mdogo wa ziwani, Chaoborus edulis, ambaye mabuu yake hukulia majini. Wakishakomaa huruka kwa wingi mno, na mtu aliye ufukweni huona kama nguzo za moshi zikisimama juu ya maji. Upepo ukiwaleta nchi kavu, watu huwanasa kwa vyombo, huwaponda na kuwafinyanga kuwa mikate. David Livingstone alipouonja mkate huo katika karne ya 19 aliufananisha na nzige waliotiwa chumvi. Inzi mmoja si kitu. Ziwa ndilo linalofanya kazi ya kuwakusanya, na mlaji humalizia tu.

Heroe mdogo wa Ziwa Natron naye huishi kwa kanuni hiyo. Hula viumbe vya kijani visivyoonekana kimoja kimoja, vinavyostahimili magadi makali, kwa kuyachuja maji kwa mdomo wake siku nzima. Binadamu asimwige bila kipimo cha maabara, kwa sababu katika maziwa ya magadi kama hilo huota jamii nyingine zenye sumu.

Kama kuna mdogo mgumu anayestahili fikra zetu, ni atemia, jamii ya kamba anayeishi kwenye maji ya chumvi kali. Mayai yake yakikauka hukaa miaka bila kuharibika, na yakitiwa katika maji ya chumvi huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Wafugaji wa samaki na kamba huyanunua yakiwa makavu, wakawalisha vifaranga kile kinachoanguliwa. Huko Kenya atemia alipandikizwa katika mashamba ya chumvi ya pwani miaka ya 1980. Lindi na Mtwara nazo zina mashamba ya chumvi, na kamba wakubwa waliolelewa kwa atemia ndio ningependa kuwaona sokoni Masasi.