Ndewe, kovu na seli: askari au fundi?

Kwenye maandishi mengi ya serikali, kijiji hiki cha kisiwani Pate huitwa Tundwa. Wenyewe tunasema Chundwa, kwa kuwa katika Kitikuu t ya Kiswahili sanifu aghalabu huwa ch: mtu ni mchu, tatu ni chachu. Huko ndiko nilikoulizwa swali lililozaa makala ya leo. Binti ya jamaa yangu alitogwa masikio, na baada ya miezi kadhaa nyuma ya ndewe kukaota kinyama kigumu, kikubwa kama kunde, tena kinazidi kukua. Mamake akaniuliza, "Ami, hili ni donda au ni kovu?"

Kiswahili kina maneno mazuri hapa. Ngozi ikikatwa ni jeraha. Jeraha likikaa wazi ni kidonda. Kidonda kikikauka juu huvaa kigaga. Kigaga kikibanduka huacha kovu. Lakini haya yote ni maneno ya macho. Kwa yale yanayotendeka chini ya ngozi tumebaki na istiari moja tu, nayo ni askari. Seli nyeupe za damu ni askari, vijidudu ni adui. Tulipokubaliana kwamba UKIMWI ni Ukosefu wa Kinga Mwilini, istiari hiyo ikaingia darasani na redioni, na kwa ugonjwa ule sina ugomvi nayo. Kwa kidonda, bwana, inapotosha. Ukiamini kuwa kupona ni vita, utaamini pia kwamba askari wakizidi ndipo utapona upesi, na hapo ndipo watu wanapouziwa dawa za "kuongeza kinga" kwa kila donda.

Aliyeziona seli hizi zikifanya kazi hakuona mishale wala mikuki. Mwaka wa 1882 huko Messina, Italia, Mrusi Élie Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake hupenya mwanga, akavidunga miiba. Kesho yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Alichokielewa ni kwamba seli hizo hula. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Seli kubwa za aina hiyo zikaitwa makrofaji, yaani mlaji mkubwa kwa Kigiriki.

Sasa tuuangalie mkato wa kawaida kidoleni. Damu ikishaganda, neutrofili hufika ndani ya saa chache. Hizi kweli ni askari: huua vijidudu na kufa kwa wingi, na usaha tunaoukamua kwa kiasi kikubwa ni maiti zao. Siku ya pili au ya tatu makrofaji huja kwa wingi. Hula maiti, hula vijidudu na takataka, kisha hubadilika. Zinaanza kutoa kemikali zinazoita mishipa mipya ya damu na kuziamsha seli ziitwazo faibroblasti, ambazo husuka nyuzi za kolajeni za kuziba pengo. Mlaji amekuwa msimamizi wa ujenzi.

Je, kipi ni muhimu zaidi? Simpson na Ross waliwaondolea simbilisi (wale wanyama wa maabara) neutrofili mwaka wa 1972, na vidonda, maadamu ni visafi, vikapona kama kawaida. Mwaka wa 1975 Leibovich na Ross wakapunguza makrofaji. Safari hii takataka zilibaki kidondani na ujenzi ukachelewa. Ukimwondoa askari kazi inaendelea. Ukimwondoa mlaji inakwama.

Na kovu je? Kwenye ngozi nzima nyuzi za kolajeni hukatizana kama ukili. Kovuni hulazwa upande mmoja kama makuti, kwa haraka ya kuziba, wala hapaoti nywele wala tezi za jasho. Kiloidi, kile kinyama cha binti yetu, ni kovu linalovuka mipaka ya jeraha lenyewe, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Ndani yake seli za kinga bado zimo na faibroblasti hazijaambiwa zikome. Ndiyo maana daktari huanza na sindano ya kutuliza uvimbe, na ndiyo maana kiloidi kikikatwa tu mara nyingi hurudi, pengine kikubwa kuliko kwanza. Nilimwambia mamake: ni kovu, ila kovu lisilokoma, mpeleke kwa daktari wa ngozi, asiguswe na wembe wa mtu. Kwa mgonjwa wa kisukari mambo huharibika kwa njia nyingine: makrofaji hukawia kwenye hali ya mapambano na hazigeuki wajenzi, donda likabaki wazi miezi.

Ajabu kubwa iko hapahapa Kenya. Mwaka wa 2012 Ashley Seifert, Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walichapisha katika jarida la Nature habari za panya wa miiba waliowachunguza Mpala, Laikipia. Panya huyu akikamatwa huacha ngozi yake mkononi mwa adui na kuiotesha upya, pamoja na manyoya. Tundu la milimita 4 sikioni mwake huziba kabisa, gegedu na yote. Sisi tuna neno ndewe kwa sababu masikio yetu hayajui kufanya hivyo. Lugha ya panya, lau angekuwa nayo, isingelihitaji. Mwaka wa 2017 kundi la Seifert likaonyesha kwamba makrofaji za panya hao zikiangamizwa, tundu haliendelei kuziba mpaka zirudi. Kumbe seli ileile inayohusika na kovu letu ndiyo inayohitajika pale ngozi inapoota upya.

Basi tuiiteje? "Askari mlaji", ninaloliona kwenye vitabu vingine vya wanafunzi, ni nusu ya kazi. "Seli fundi" linavutia, ila linasahau kula, na faibroblasti nazo zitalidai. Mimi ninaegemea "seli mlaji", tena bila askari mbele yake, na mwalimu aeleze darasani kwamba mlaji huyu akishashiba huanza kujenga. Neno askari tuwaachie neutrofili.