Tishari huliwa pale oksijeni isipofika

Kisangani ndiyo mwisho wa safari kwa vyombo vinavyopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa, takriban kilomita 1,700. Mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma, na hapo meli haipiti. Kati ya vyombo hivyo, hapa nazungumzia matishari ya chuma. Viraka vyake kwa kawaida huchomelewa kwenye kingo, kwenye mishono, na chini kidogo ya usawa wa maji, huku katikati ya bamba lilelile chuma kikiwa bado kizima. Wenye chombo hulaumu chuma kibovu. Mara nyingi wanakisingizia.

Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya bamba, anodi, huyeyuka na kuachia elektroni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, kathodi, na huko hupokewa na oksijeni iliyomo majini. Mkondo wa ampea 1 kwa kila mita ya mraba, ukidumu mwaka mzima, hula zaidi kidogo ya milimita 1 ya chuma.

Basi nani anayeweka kipimo cha mkondo huo? Ni oksijeni. Maji ya mto yenye joto la Kisangani hayawezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 8 kwa lita, na kando kabisa ya bamba kuna utando mwembamba wa maji, chini ya milimita 1, ambao karibu hautembei. Oksijeni haina budi kuuvuka polepole kwa kusambaa tu, kwa kanuni aliyoiandika Adolf Fick mwaka 1855. Ni kama kuvuka mto kwenda Lubunga: soko la ng'ambo liwe na pupa kiasi gani, watakaofika ni wale tu waliopata pirogi.

Mwanasayansi wa Kisovieti Veniamin Levich aliupigia utando huo hesabu mwaka 1942, akitumia kisahani bapa kinachozunguka majini. Umbo hilo lina uzuri wake: utando huwa na unene uleule kila mahali usoni, tangu katikati hadi ukingoni. Ukizungusha kisahani kwa kasi mara nne, kiasi kinachofika huongezeka mara mbili. Ndiyo sababu maabara za kemia ya umeme hukipenda.

Lakini kisahani hichohicho kina sura ya pili. John Newman wa Berkeley, California, alionyesha mwaka 1966 kwamba pale ambapo kizuizi kikuu ni ukinzani wa maji wenyewe, mkondo wa umeme haugawanyiki sawa hata kidogo. Katikati hupata nusu tu ya wastani, na kadiri unavyokaribia ukingo unapanda bila kikomo, angalau kwenye karatasi. Ulinganifu wa umbo, kwa hiyo, hautoshi. Tufe lililo peke yake kwenye maji mengi hupata mkondo sawa pande zote kwa sababu halina ukingo. Kisahani kinao, na tishari linao mwingi.

Jaribio ninalolipenda zaidi halihitaji maabara. Ulick Evans wa Cambridge alilieleza katika miaka ya 1920: weka tone la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma lililosuguliwa vizuri. Tone ni duara kamili, hivyo ungetarajia kutu isambae sawa. Haiwi hivyo. Pembezoni, maji ni membamba na hewa iko karibu, na chuma hubaki king'aavu. Katikati, oksijeni inakofika kwa shida, ndiko chuma kinakoyeyuka. Kati ya sehemu hizo mbili hujitokeza pete ya kutu. Oksijeni ndiyo inayoendesha ulaji, lakini kinacholiwa ni mahali palipokosa oksijeni. Ndiyo maana tope lililoganda chini ya tishari, au kiraka kilichopandishwa juu ya bamba la zamani bila kuchomelewa pande zote, huficha shimo.

Dawa ya mabaharia ni ya zamani. Mwaka 1824 Humphry Davy alipendekeza kwa jeshi la maji la Uingereza kufunga vipande vya chuma au zinki juu ya shaba iliyofunika meli, ili viwe anodi na viliwe badala yake. Shaba ilipona, ila viumbe vya bahari vikaigandia kwa wingi na meli zikawa nzito.

Kuiga dawa hiyo Kisangani kunahitaji hesabu. Maji ya bahari hupitisha umeme takriban mara elfu moja zaidi ya yale ya Mto Kongo. Zinki hukishinda chuma kwa takriban robo ya volti tu, na katika maji matamu kiasi hicho humezwa njiani. Magnesiamu hutoa karibu mara tatu yake, na hiyo ndiyo inayofaa mitoni.

Umbo nalo lina neno. Chukua anodi ya nusu-tufe yenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Nusu ya volti zake zote hupotea ndani ya sentimita 10 za kwanza za maji. Ukiigawa kuwa vipande vinane vyenye nusu kipenyo cha sentimita 5, uzito ni uleule, lakini vikitawanywa mbali mbali kwenye bodi, mkondo wote huongezeka mara nne. Gharama yake ni kwamba vitaisha mapema, katika robo ya muda.

Kwa hiyo, mwenye tishari, anza na rangi, uirudie kingoni ambako hukimbia na kuwa nyembamba, kwa kuwa kila eneo lililofunikwa vizuri ni mzigo ulioondolewa kwa anodi. Kisha nunua magnesiamu katika vipande vidogo, vitawanye hadi kwenye pembe, vishikane na chuma kitupu. Na mwambie mpaka rangi asivipake: anodi iliyopakwa rangi hailindi chochote.