Sahani ya Mtungi Uliovunjika

Katika nyumba za makumbusho za Uingereza, na katika makabati ya watu wapendao kukusanya vyombo vya kale, ziko sahani nyeupe za kauri zenye picha ya ajabu. Mtungi mkubwa umepasuka ubavuni, na mtoto anatokea katika tundu, huku mwenziwe amesimama kando. Sahani hizo zilifanyizwa Chelsea, mahali palipo leo ndani ya mji wa London, zaidi ya miaka 250 iliyopita. Lakini picha yake ilitoka mbali sana.

Kisa chenyewe ni cha China. Sima Guang, aliyezaliwa mwaka 1019, akawa baadaye mwandishi mashuhuri wa historia, alikuwa siku moja akicheza na watoto wenzake. Mmoja wao alipanda juu ya mtungi mkubwa wa maji, akatumbukia. Wengine walikimbia kwa hofu. Yeye akaokota jiwe, akaupiga mtungi hata ukavunjika. Maji yakatoka, na mwenziwe akapona.

Huko Japani, mafundi wa Arita wa mtindo uitwao Kakiemon walikichora kisa hicho kwa rangi nyekundu, buluu, kijani na manjano, wakiacha sehemu kubwa ya sahani iwe nyeupe tupu. Vyombo vya Arita vilipakiwa katika bandari ya Imari, vikapelekwa Nagasaki, na huko Waholanzi wakavinunua ili kuviuza Ulaya. Bei yake ilikuwa kubwa. Basi kiwanda cha Chelsea, kilichoanza kazi kama mwaka 1745, kikaviiga. Kisa cha mtungi Waingereza hawakukijua. Picha wakaiita Hob Kisimani, kwa sababu ya mchezo wa kuigiza wa kwao uliosimulia habari za mshamba aliyetiwa kisimani.

Siku hizi sahani kama hizo huuzwa kwa fedha nyingi, na kwa ajili hiyo wadanganyifu nao wamefanya za uongo. Mnunuzi asiyejua hupoteza fedha zake. Mwenye ujuzi hatosheki na uzuri wa picha, bali huigeuza sahani. Alama ya Chelsea ya tangu mwaka 1752 hivi hata 1756 ni nanga nyekundu, ndogo sana. Nanga kubwa iliyo wazi humtia shaka. Tena hutafuta chini ya sahani vidoa vitatu, mahali iliposimama juu ya vitegemeo tanuruni. Mwisho huiinua mbele ya taa, na mara nyingi huona ndani ya udongo madoa ya nuru kama miezi midogo. Nanga huweza kuchorwa na mtu yeyote. Bali udongo si rahisi kuuigiza.

Wakusanyaji huvishika vyombo hivi kwa mikono miwili, wakiogopa hata ufa mdogo. Lakini picha yenyewe yawakumbusha kwamba uhai wa mtoto mmoja wapita thamani ya kila mtungi.