Kifua Kinachobana Baada ya Mbio

Pumu inayoamshwa na mazoezi ina tabia inayotupotosha wazazi, walimu na waganga pia: mara nyingi haimkamati mtoto katikati ya mbio. Anakimbia vizuri, filimbi inapulizwa, anakaa. Dakika 5 hadi 15 baadaye ndipo kikohozi kinapoanza, kifua kinabana na pumzi inatoa mluzi. Ikipita saa moja hivi, yote yametulia. Kesho yake mama anamfikisha zahanati, mapafu yanasikika safi, na mtoto anarudishwa nyumbani na antibiotiki asizozihitaji, au anaambiwa ni mvivu. Kifua kilichosikilizwa mtoto akiwa ameketi hakiwezi kuikanusha pumu hii. Lazima akimbie, na lazima apimwe akishasimama.

Hewa ya mji wetu wa Likasi yenyewe inauchochea ugonjwa huu. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi na kavu. Mtu akikimbia hupumua kwa kinywa, hivyo hewa inaingia bila pua kuipasha joto wala kuilowanisha. Mirija ya hewa inapoteza maji, majimaji yanayoifunika ndani yanazidi chumvi, na seli zake zinamwaga histamini na kemikali nyingine zinazoikaza misuli ya mirija. Juu ya hayo kuna vumbi la malori ya madini katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, moshi wa makaa jikoni, na gesi ya salfa popote panapofanyika kazi ya asidi. Gesi hiyo, hata ikiwa kidogo kiasi kwamba mtu mzima wa afya aliyetulia haimdhuru, inaweza kumbana mwenye pumu akikimbia dakika chache tu.

Mwaka 1998 jarida la Thorax lilichapisha utafiti wa Kenya juu ya watoto wa shule zaidi ya 1,200 wa Nairobi na wa vijijini Murang'a. Walikimbia uwanjani, kisha wakapimwa. Nguvu ya pumzi ilishuka kwa asilimia 10 au zaidi kwa watoto 23 hivi katika kila 100 wa Nairobi, na 13 katika kila 100 wa Murang'a. Si kila aliyeshuka hivyo ni mgonjwa, lakini pengo hilo kati ya mji na kijiji linanisumbua mimi ninayetibu watoto wanaokua kati ya viwanda.

Hospitali kubwa zina mashine za spirometria. Sisi tunaweza kuanza na uwanja, saa, na kipima pumzi: bomba dogo la plastiki ambalo mtoto hulipuliza kwa nguvu zake zote, na mshale ukaonyesha lita kwa dakika. Apulize mara 3 akiwa amesimama, iandikwe tarakimu ya juu. Asiwe ametumia salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, ndani ya saa 8 zilizotangulia, wala asipashe mwili kwanza, kwa sababu mazoezi ya awali huweza kuikinga mirija kwa saa moja au mbili na kipimo kikadanganya. Kisha akimbie dakika 6 hadi 8, na akimbie kwelikweli: mbio za kusitasita hazithibitishi lolote. Mapigo ya moyo yafike asilimia 80 hadi 90 ya kilele, na kilele hukadiriwa kwa kutoa umri katika 220. Mtoto wa miaka 12 basi afike mapigo 166 hadi 187 kwa dakika. Akisimama, apulize tena dakika ya 5, 10, 15 na 30. Aliyeanza na 300 akashuka hadi 240 amepoteza asilimia 20. Kwa mtoto, kushuka kunakozidi asilimia 15 kunaelekeza kwenye pumu, hasa salbutamoli ikimrudisha alipokuwa.

Haya yafanyike mbele ya mganga au muuguzi, dawa ikiwa tayari mkononi. Asikimbizwe aliyekwisha kubanwa siku hiyo, wala mwenye selimundu. Aliyewahi kuzimia au kuumwa kifua katikati ya mbio apimwe moyo kwanza.

Wapo pia wanaofanana na wenye pumu. Sauti inayokwaruza kooni wakati wa kuvuta hewa, mbio zikiwa zimepamba moto, na kuisha upesi akipumzika, hutoka kwenye koo la sauti. Mtoto anayechoka tangu hatua za kwanza, viganja vyake vikiwa vyeupe, atafutiwe upungufu wa damu. Kikohozi cha majuma mawili na zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama anakimbia.

Mtoto akithibitika kuwa na pumu, asiondolewe uwanjani. Mkimbiaji Mwingereza Paula Radcliffe alikuwa na pumu hii tangu ujana wake, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Salbutamoli ivutwe dakika 15 hivi kabla ya mchezo. Lakini mtoto anayeihitaji karibu kila siku anahitaji zaidi dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa mirija, kama budesonide, kila siku, hata siku asizocheza. Baada ya majuma machache ya dawa hiyo arudishwe uwanja uleule, saa ileile ya asubuhi, akimbie tena, na tarakimu mpya ziandikwe kando ya zile za kwanza.