Orodha ya Nchi Kwenye Fomu: Kinachosomwa na Kinachohifadhiwa

Kila mstari wa menyu kunjuzi kwenye fomu ya mtandaoni hubeba vitu viwili. Kimoja ni lebo, yaani maneno anayoyasoma mjazaji, kwa mfano Tanzania. Kingine hakionekani: ni thamani inayokwenda kwenye seva fomu ikitumwa, mara nyingi kodi (msimbo) fupi kama TZ. Katika HTML mstari huo huandikwa hivi: <option value="TZ">Tanzania</option>. Utaratibu huu umekuwapo tangu HTML 2.0 ya mwaka 1995. Thamani isipotajwa, kivinjari hutuma lebo yenyewe, na hapo ndipo uzembe mwingi huanzia, maana mwanzoni fomu hufanya kazi bila shida yoyote.

Shida huja jina linapobadilika. Aprili 2018 Mfalme Mswati III alitangaza kwamba Swaziland itaitwa Eswatini. Hifadhidata iliyokuwa ikiweka jina kama lilivyosomwa ikajikuta na wateja wa Swaziland na wateja wa Eswatini, na ripoti zake zikawahesabu kama watu wa nchi mbili. Aliyehifadhi SZ, kodi ya nchi hiyo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3166, alirekebisha lebo moja tu kazi ikaisha, kwa kuwa kodi haikuguswa.

Faida hiyohiyo huonekana kwenye tafsiri. Msomaji mmoja huona Ujerumani, mwingine Deutschland, na wote wawili hutuma DE. Ila mpangilio wa alfabeti ufuate lebo ya lugha inayosomwa, si kodi. Kwa Kiswahili sehemu kubwa ya Ulaya imejazana kwenye U: Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Uingereza, Ureno, Uswisi. Orodha iliyopangwa kwa kodi humfanya mtu aitafute Uswisi karibu na herufi C, kwa sababu kodi yake ni CH.

Kodi nazo zina mitego yake. Zaire ilikuwa ZR. Mwaka 1997 ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikapewa CD. Kodi ya tarakimu ya nchi hiyo, 180, ilibaki ileile, na ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji wa mifumo hupendelea namba zisizofanana na jina lolote. Kisa cha Namibia kinaudhi zaidi. Kodi yake ni NA, na pandas, programu inayotumiwa sana na wachambuzi wa data, ikisoma faili la CSV huihesabu NA kuwa nafasi iliyoachwa wazi, isipokuwa ikiagizwa vingine. Wanamibia wote hubaki bila nchi kwenye jedwali, na hakuna onyo linalotolewa.

Mstari wa juu kabisa, ule wa "Chagua nchi", hupewa thamani tupu ili fomu iweze kumkatalia asiyechagua kitu. Fomu inayoanza na Afghanistan ikiwa imeshachaguliwa hukusanya Waafghanistan wengi ambao hawajawahi kufika Kabul.

Kuficha thamani si kuilinda. Vivinjari vya kompyuta vina zana zinazomwezesha yeyote kubadilisha TZ ikawa neno analotaka kabla ya kutuma. Kwa hiyo seva hulinganisha kila thamani inayopokea na orodha yake yenyewe, na isiyomo huikataa.